Mzee Pissarro na Majani Makavu ya Éragny

Kuna picha mbili za rangi za mafuta ambazo naomba tuzitazame pamoja, wanachuo wenzangu, kabla sijamweleza mtu aliyezichora. Ya kwanza ni ya mwaka 1887, na ipo Amsterdam katika Makumbusho ya Van Gogh. Ya pili ni ya mwaka 1901, na ipo Ottawa katika jumba la taifa la sanaa la Kanada. Zote mbili zinaonyesha jambo moja: wanawake wa kijiji cha Éragny, Ufaransa, wakikusanya majani makavu ya mifugo wakati wa kiangazi. Mchoraji ni mmoja, Camille Pissarro. Kijiji ni kilekile, kazi ni ileile. Lakini ukiziweka bega kwa bega unaweza kuapa kwamba zimetoka kwenye mikono ya watu wawili.

Swali langu ni hilo tu. Kilimpata nini huyu mzee katika miaka hiyo 14, na kwa nini baada ya yote alirudi kuchora majani yaleyale?

Niseme mapema kwamba mimi sisomi sanaa. Nasoma mifugo, na kwetu hei ni mada ya mtihani. Majani hukatwa yakiwa bado na virutubisho, yanaanikwa juani, yanageuzwa ili upande wa chini nao ukauke, halafu yanakusanywa kwenye marundo kabla umande haujayalowesha tena. Ukiyaingiza ghalani na unyevu yanaota ukungu, na rundo likizidi joto linaweza hata kujiwasha moto lenyewe. Mvua moja isiyotarajiwa inatosha kukuharibia chakula cha ng'ombe cha kipindi chote cha baridi. Kwa hiyo siku za hei ni siku za mbio. Kijiji kizima kinatoka, na jua likiwaka hakuna anayelilalamikia.

Ndiyo maana picha hizi zilinishika. Wengi wetu tukisikia mandhari ya kiangazi tunafikiria kalenda ya ukutani: anga la bluu, miti, maua, na hakuna binadamu anayetoka jasho. Kwa Pissarro kiangazi ni msimu wa kazi. Jua analolichora ni jua la kukaushia majani.

Tuanze na ile ya 1887. Kwa mbali unaona wanawake wenye nguo za kazi na vitambaa kichwani, wameshika reki na uma ndefu za kuchotea majani. Kuna marundo, kuna miti nyuma yao, na mwanga umetua juu ya kila kitu kama vumbi la unga. Sasa sogea karibu. Yule mwanamke anapotea! Unachokiona ni maelfu ya vinukta na vipande vidogo vya rangi, kimoja kando ya kingine: njano, chungwa, kijani, waridi, bluu. Hata kivuli si cheusi. Kivuli cha rundo ni bluu na zambarau, na kwa sababu zambarau inapingana na njano, ile njano ya majani inazidi kuwaka.

Hiyo haikuwa bahati, ilikuwa nadharia. Mkemia Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, alikuwa ameeleza tangu mwaka 1839 jinsi rangi mbili zilizo jirani zinavyobadilishana sura machoni mwetu. Vijana wachache wa miaka ya 1880 wakaichukua sayansi ile na kusema: tusichanganye rangi kwenye kibao, tuziweke safi kando kwa kando, jicho la mtazamaji ndilo lichanganye. Kiongozi wao alikuwa Georges Seurat, kijana wa miaka ishirini na kitu. Na mwanafunzi wake mpya alikuwa Pissarro, mzee wa miaka 57, ndevu nyeupe mpaka kifuani, ambaye tayari alikuwa na jina.

Hapo ndipo nikaanza kumheshimu. Hebu fikiria mhadhiri mwandamizi anaketi mstari wa mbele kwenye darasa la kijana aliyemzidi miaka 29, na anaandika notsi. Ili kuelewa aliwezaje, inabidi turudi nyuma sana, mpaka kwenye bandari moja ya Karibiani.

Jina lake kamili ni Jacob Abraham Camille Pissarro. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1830 Charlotte Amalie, mji wa bandari katika kisiwa cha Saint Thomas. Wakati ule kisiwa kilikuwa koloni la Denmark. Leo ni sehemu ya Visiwa vya Virgin vya Marekani. Baba yake alikuwa Myahudi mwenye asili ya Ureno aliyetoka Ufaransa kuja kusimamia mali za mjomba wake aliyefariki, akaishia kumwoa mjane wa mjomba huyo. Wakubwa wa sinagogi hawakuipenda ndoa ile na kwa miaka kadhaa walikataa kuitambua. Kwa hiyo Camille alizaliwa katika familia iliyokuwa ikitazamwa kwa jicho la pembeni hata na watu wa dini yake. Jambo la kutazamwa pembeni litarudi tena na tena katika maisha yake.

Akiwa na miaka 12 alipelekwa shule ya bweni karibu na Paris, na huko ndiko alikojifunza kuchora. Akiwa na miaka 17 aliitwa nyumbani afanye kazi katika duka la baba. Kazi yake ilikuwa bandarini, kuhesabu mizigo inayoshuka melini. Mwaka uliofuata, 1848, utumwa ulikomeshwa katika visiwa vile vya Denmark. Yaani kijana huyu alikuwa gatini, na karatasi mkononi, wakati watu waliobeba mizigo ile walipokuwa wakigeuka kutoka watumwa kuwa watu huru. Na karatasi zile za hesabu hazikujaa hesabu peke yake. Alichora mabaharia, alichora wachukuzi, alichora wanawake wenye vikapu kichwani. Mojawapo ya picha zake za mwanzo kabisa, aliyoimalizia Paris mwaka 1856 kwa kumbukumbu za kisiwani, inaonyesha wanawake wawili weusi wakizungumza njiani kando ya bahari, mmoja na kapu lake kichwani. Hawapambi mandhari wale. Wao ndio picha yenyewe. Miaka thelathini baadaye, wanawake wa Éragny na reki zao watasimama vilevile.

Baba alitaka mfanyabiashara. Mtoto akakutana bandarini na mchoraji wa Kidenmark, Fritz Melbye, na mwaka 1852 wakaondoka pamoja kwenda Venezuela. Walikaa Caracas na La Guaira mpaka mwaka 1854, wakichora kutwa. Aliporudi, familia ilikubali yaishe. Mwaka 1855 alipanda meli kwenda Ufaransa, na kisiwani hakurudi tena.

Paris ya wakati ule ilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia kwenye sanaa: maonyesho ya serikali yaliyoitwa Salon. Kamati ya wazee ilikaa, ikachagua nani aonyeshwe na nani arudishiwe picha yake. Ukikataliwa, hakuna mnunuzi. Kamati ilipenda picha za wafalme, malaika na vita vya kale. Picha ya shamba ilikuwa na nafasi ndogo, na ikiwa shamba lenyewe lina matope na viazi, ndiyo kabisa. Pissarro alipita mara kadhaa na kukataliwa mara kadhaa. Aliyemtia moyo ni mzee Camille Corot, bingwa wa mandhari, aliyemhimiza atoke nje akachore mbele ya miti yenyewe. Akatoka, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki aliipitisha hukohuko nje.

Nyumbani kwa mama yake, aliyekuwa amehamia Ufaransa, kulikuwa na binti wa kazi aliyeitwa Julie Vellay, mtoto wa wakulima wa mizabibu kutoka Burgundy. Camille na Julie wakapendana, na mwaka 1863 akazaliwa mtoto wao wa kwanza, Lucien. Mama mtu akagoma kumtambua. Msichana wa jikoni, tena Mkristo, awe mkwe wake? Basi wakaishi hivyo bila cheti. Julie ndiye aliyelima bustani ya mboga, akafuga kuku na sungura, na miezi mingi chakula mezani kilitoka kwake na si kwenye picha. Naomba tulikumbuke hilo kila tunapowasifu wasanii wakubwa: mara nyingi nyuma ya nyumba kuna mtu ana jembe.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Familia ilikuwa ikiishi Louveciennes, nje kidogo ya Paris. Wakakimbia, mwishowe wakafika London, na picha zote wakaziacha ndani. Askari wa Prussia waliingia wakaifanya nyumba ile kambi. Wakazitandika picha bustanini, wapite juu yake buti zisichafuke tope. Inakadiriwa kwamba Pissarro aliacha kazi zipatazo 1,500, yaani jasho la miaka kama ishirini. Aliporudi mwaka 1871 alikuta kama 40 tu. Nani kati yetu hajawahi kumwona mwenzake analia kwa sababu flashi imekufa na ripoti ya kurasa 30 imo ndani? Sasa zidisha mara miaka ishirini, na flashi ya akiba hakuna.

Huko London, hata hivyo, mambo mawili yalifanyika. Yeye na Julie walifunga ndoa Croydon mwezi Juni 1871. Na alikutana na Paul Durand-Ruel, mfanyabiashara wa picha kutoka Paris, aliyenunua kazi zake na kuja kuwa mhimili wa kundi lao zima. Pissarro akarudi, akahamia mji mdogo wa Pontoise, akaanza upya.

Sasa nafika sehemu ambayo magazeti ya chama chetu yangepaswa kuichapisha kila mwaka. Mwishoni mwa 1873, Pissarro na wenzake, akina Claude Monet, Auguste Renoir, Edgar Degas, Alfred Sisley na Berthe Morisot, waliamua kuachana na kamati ya Salon. Waliunda chama chao. Kila mwanachama analipa kiingilio, kila mwanachama ana haki sawa, hakuna kamati ya kumkataa mtu. Waliihitaji katiba, na Pissarro ndiye aliyeleta mfano. Aliutoa wapi? Kwenye chama cha waoka mikate wa Pontoise! Impreshonizimu, ambayo leo picha zake zinauzwa kwa mamilioni ya dola, ilianza kwa kanuni za kuazima kutoka kwa watu wa mikate.

Maonyesho ya kwanza yalifunguliwa tarehe 15 Aprili 1874, katika vyumba vilivyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, namba 35 barabara ya Capucines, Paris. Wasanii walikuwa wapatao 30. Watu walikuja, lakini wengi walikuja kucheka. Mwandishi mmoja wa gazeti la vichekesho ndiye aliyelichukua jina la picha ya Monet ya machweo ya bandarini, au tuseme mapambazuko yake, akaligeuza kuwa kejeli kwa kundi zima: waimpreshonisti, watu wa kuchora hisia ya kupita tu. Picha ya Pissarro ya shamba lililolimwa, lenye sakitu ya asubuhi, ilimfanya mwandishi huyohuyo aseme kwamba anachokiona ni makombo ya rangi kwenye kitambaa kichafu. Mwaka huohuo wa 1874 Pissarro na Julie walimzika binti yao Jeanne, mtoto wa miaka minane. Na kabla mwaka haujaisha, chama kikavunjwa kwa sababu ya madeni.

Mtu mwingine angerudi kwa wazee wa Salon na kuomba radhi. Kati ya mwaka 1874 na 1886 kundi lile lilifanya maonyesho manane. Monet aliyakosa kadhaa, Renoir aliyakosa kadhaa, Degas alikosa moja, Cézanne alitokea mara mbili tu. Mtu mmoja peke yake alionyesha kazi zake katika yote manane. Ni Pissarro.

Na katika miaka hiyo alifundisha bila kuwa na darasa. Paul Cézanne, mtu mgumu ambaye wengi walimshindwa, alikuja kuishi karibu na Pontoise, wakatoka pamoja kuchora mashamba, na akakinakili kipande kizima cha kazi ya Pissarro ili aelewe mkono unavyokwenda. Paul Gauguin, wakati huo bado karani wa soko la hisa, alijifunzia kwake. Baadaye Vincent van Gogh alipohitaji mahali pa utulivu na daktari wa kumwangalia, ni Pissarro aliyempendekeza Daktari Gachet wa Auvers. Wachoraji hao watatu ndio waliobeba sanaa ya karne iliyofuata, na wote walipitia mkononi mwa huyu mzee wa mashamba.

Mwaka 1884 familia ilihamia Éragny, kijiji kidogo kando ya mto Epte, kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na watoto walikuwa wengi. Mwaka uliofuata akakutana na Seurat. Na hapa tunarudi kwenye picha yetu ya kwanza.

Njia ya vinukta ilimgharimu sana. Ilikuwa polepole mno: kazi ambayo zamani ingemchukua siku chache sasa ilikula wiki na miezi. Durand-Ruel hakuipenda, wanunuzi hawakuielewa, na marafiki wa zamani waliguna. Katika maonyesho ya mwisho ya 1886, yeye ndiye aliyesimama kidete vijana wa vinukta waruhusiwe. Wakatengewa chumba chao, na Monet, Renoir na Sisley hawakushiriki. Wakati anachora hei ya 1887, nyumbani fedha zilikuwa hazionekani. Ukiijua habari hiyo, wale wanawake wenye uma wanabadilika kidogo machoni. Mchoraji alikuwa upande wa pili wa kanvasi akiwaza deni la duka.

Halafu, kufikia mwaka 1890 hivi, aliiacha njia ile. Hakufukuzwa. Alijiona amefungwa. Wingu linapita kwa dakika mbili, upepo unageuza majani rangi, na yeye bado yuko kwenye kinukta cha mia tatu. Alichokipenda tangu bandarini, yaani kitu kinachosogea mbele ya macho, kilikuwa kinamponyoka kati ya nukta na nukta. Lakini hakurudi alikotoka. Rangi safi alizojifunza kwa vijana alibaki nazo, na vivuli vya zambarau alibaki navyo. Alichoacha ni ile sheria ya mkono.

Mambo yakaanza kunyooka. Mapema mwaka 1892 Durand-Ruel alimwandalia maonyesho makubwa ya kazi zake, na yakafanikiwa. Mwaka huohuo nyumba waliyopanga Éragny ilikuwa inauzwa. Camille alikuwa London kwa Lucien, na Julie hakungoja barua. Alikwenda mwenyewe kwa Monet, ambaye tayari alikuwa tajiri, akamwomba mkopo. Monet akatoa faranga 15,000. Binti wa jikoni aliyekataliwa ukweni ndiye aliyeiokoa nyumba.

Amani haikukaa. Pissarro aliamini siasa za kianarkisti: kwamba watu wanaweza kuishi kwa kushirikiana bila bwana wala mtumwa. Hakuwahi kurusha bomu wala kulishangilia, ila alisoma na kuchangia magazeti yao. Rais Sadi Carnot alipouawa mwaka 1894 na polisi wakaanza msako, Pissarro alikuwa Ubelgiji, akaona ni busara abaki huko miezi kadhaa. Kisha ikaja kesi ya Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa Myahudi aliyehukumiwa kwa usaliti ambao hakuufanya. Ufaransa iligawanyika. Degas na Renoir walikuwa upande wa waliowachukia Wayahudi, na rafiki yao wa miaka zaidi ya ishirini wakaanza kumkwepa. Mtu aliyewakusanya kwa katiba ya waoka mikate!

Na jicho nalo. Njia ya machozi ya jicho lake la kulia ilikuwa ikiziba na kuvimba, na madaktari walimkataza upepo na vumbi. Kwa mtu wa mashambani hiyo ni kama kufungiwa. Akajifunza kuchora dirishani. Mwaka 1897 alipanga chumba cha hoteli Paris akaichora barabara ya Montmartre mara kumi na nne, kwa mvua, kwa jua, kwa usiku. Alichora bandari za Rouen, Dieppe na Le Havre, wachukuzi na moshi, kana kwamba Saint Thomas imemfuata. Lakini kiangazi kikifika alirudi Éragny, ambako ghala la zamani lilikuwa limegeuzwa studio.

Ndipo tunaifikia ya 1901. Ana miaka 71. Wanawake wako shambani tena, uma zinapanda na kushuka, marundo yanakua. Ila vinukta vimekwenda. Brashi sasa inakimbia: mikwaruzo mifupi, minene, mingine ya wima kwenye majani, mingine ya mviringo kwenye miti, na mawingu yametembezwa. Ukisogea karibu bado unaukuta ule waridi kwenye njano na ile bluu kwenye kivuli, zawadi ya akina Seurat, lakini sasa zimetupwa kwa mkono wa mtu asiyehitaji kuhesabu. Ukirudi nyuma, unahisi haraka ya siku ya hei. Picha ya 1887 inakuonyesha jua lilivyo. Ya 1901 inakuonyesha kwamba jua litazama na kazi haijaisha.

Nilipomwonyesha rafiki yangu mmoja anayesoma sosholojia picha hizi, alinipinga. Alisema huu ni uzuri wa mtu asiyeshika uma. Mwanamke yule mgongo unamuuma, malipo yake ni kidogo, na mzee anakaa pembeni anahangaika na rangi ya kivuli chake. Hoja hiyo ni nzito na siwezi kuifuta kwa maneno. Ni kweli Pissarro hakuikusanya hei ile. Lakini namjibu kwa picha yenyewe. Wanawake wale hawalii wala hawatabasamu kwa ajili yetu. Hawatutazami kabisa. Wengine wa zama zake walimchora mkulima kama mtakatifu anayeteseka au kama mapambo ya shamba la bwana. Pissarro alimchora kama mtu anayeijua kazi yake na ana shughuli. Jinsi uma unavyoshikwa, mikono miwili imeachana, mgongo umetangulizwa, ni sahihi. Nimeona watu wakifanya hivyo shambani kwetu wakati wa mafunzo kwa vitendo. Huwezi kuchora hivyo kama hujamtazama mtu kwa muda mrefu na kwa heshima.

Alifariki Paris tarehe 13 Novemba 1903, akazikwa makaburi ya Père Lachaise. Miaka mitatu baadaye Cézanne, ambaye sasa vijana walimwona kama nabii wao, alipeleka kazi zake kwenye maonyesho ya mji wake wa Aix. Kwenye orodha, kando ya jina lake, alijitambulisha kuwa mwanafunzi wa Pissarro. Alikuwa na miaka 67, na mwalimu hakuwepo tena kuisoma.

Sisi hapa chuoni tunapenda kumpima mtu kwa msimamo: ama habadiliki, au ni kigeugeu. Hizi picha mbili zimenivuruga hesabu hiyo. Mkono wa Pissarro ulibadilika mara nyingi, tena mbele ya watu na kwa hasara, kila alipoona kuna mtu anajua kitu asichokijua yeye, hata kama mtu huyo ni mtoto kwake. Alichokitazama hakikubadilika tangu gatini Saint Thomas: watu wanaofanya kazi, na mwanga ulio juu yao. Atakayepata nafasi ya kwenda Amsterdam au Ottawa asiishie kusoma kibao cha jina. Akae mbele ya picha, asogee, arudi nyuma, ahesabu marundo yaliyokwisha kukusanywa, kisha aangalie majani ambayo bado yamelala chini.